Diski ya Mama

Dada yangu alifika kwangu, mtaa wa Viwanja Sitini, asubuhi akitokea kijijini Mkula, diski ameiviringisha kwenye kitenge cha marehemu mama yetu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama akisimulia walivyohama Mahenge. Nilimrekodi mwenyewe, mwaka mmoja kabla hajafa. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Mimi, fundi kompyuta mzima, ninayewagombeza wateja kila siku kwa kutotunza nakala!

"Mdogo wangu, arobaini ni Jumamosi," alisema. "Nataka wajukuu wamsikie bibi yao."

Nilipoichomeka, diski ilitoa mlio mdogo, tik, tik. Nikafungua ule ukurasa mweusi wa amri, nikaandika smartctl -a, amri ya kupima afya ya diski. Skrini ikajibu: PASSED, yaani imefaulu. Dada akapiga makofi.

"Mama mzima," nikamwambia, kichwa kimenivimba.

Kila fundi anajua neno hilo halitoshi. Inabidi ushuke chini usome idadi ya sehemu zilizoharibika, na ukizikuta, unakopi kwanza, vipimo baadaye. Nilishuka, nikaziona. Zilikuwa nyingi. Lakini nilikuwa nimeshatamba, na dada ananitazama kama daktari bingwa. Nikaanzisha kipimo kirefu, kile kinachopekua diski nzima, ili aone utaalamu wangu. Mgonjwa mahututi nikamwamuru akimbie. Kisha tukaenda kula wali.

Tuliporudi, mlio ulikuwa umekoma. Nikaandika amri ile ile. Kompyuta haikuiona diski kabisa. Nikachomoa, nikachomeka, nikabadilisha waya, nikabadilisha na kompyuta. Dada akaelewa kabla sijasema neno.

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Aliuliza tu, "Lakini wewe ulimsikia, hata kidogo?"

Faili lilikuwa pale mbele ya macho yangu kabla sijaanza vipimo. Ningeweza kulifungua. Sikulifungua.

"Nilimsikia," nikasema. "Alikuwa anacheka."

Jumamosi, baada ya misa, dada alisimama mbele ya ukoo akawaambia kwamba mdogo wake ndiye mtu wa mwisho kuisikia sauti ya mama. Wajukuu wakaja mmoja mmoja kuniuliza bibi alikuwa anacheka nini.