Majivu Kwenye Paji la Baba

Nakumbuka siku moja ya Jumatano ya Majivu, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, baba yangu aliporudi kutoka misheni na msalaba mweusi kwenye paji la uso. Mama akamletea maji ya kunawa. Baba akayakataa. Alisema majivu yale hayafutwi, kesho atakwenda nayo sokoni Keroka, hata wasioamini wajue Mkristo anafanana vipi.

Kwanza nikueleze baba alikuwa nani. Alikuwa mkulima wa chai upande wa Nyamira, mwenye wake wawili: mama yangu, na Kemunto, ambaye sisi tulimwita mama mdogo. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo mgongo ulionibeba utotoni ni wa Kemunto. Baba alipotaka kubatizwa, padri alimwambia abaki na mke mmoja, ila huyo mwingine na mtoto wake aendelee kuwatunza. Baba alishika nusu ya neno. Alimrudisha Kemunto kwao Nyamache pamoja na mwanawe mdogo, Onchari, wala hakuwapelekea tena hata debe la mahindi. Kanisani wakamsifu kwa kujikana nafsi, wakampa kazi ya kuongoza sala. Kemunto hakusifiwa na mtu. Na ndiye aliyetufundisha Baba Yetu, tukimenya ndizi naye jikoni. Sala hiyo aliijifunza akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa, maana mke wa pili hakukaribishwa mbele.

Sasa, Jumatano hiyo hiyo alasiri, kaka yake Kemunto akafika kwa miguu. Alikataa kiti. Alisema Onchari ameshikwa na surua, homa imempanda, hata uji haupiti kooni. Waliomba baba aje ampeleke hospitali Kisii, kwa sababu yeye alifahamiana na watu wenye magari. Baba alimjibu kwamba akionekana katika boma lile wakati wa Kwaresima, watu watasema amerudia ndoa ya zamani. Tena Ijumaa alikuwa anaongoza Njia ya Msalaba. Alisema atamwombea mtoto.

Nyanya, mamake baba, alikuwa ameketi karibu na moto. Hakuwa amebatizwa, na mpaka siku ile hakuwahi kuingilia dini ya mwanawe.

"Mwanangu," alimwambia, "umepakwa hayo majivu ukumbuke kwamba utakufa. Wewe unataka yawakumbushe watu kwamba upo. Nawa uso, uende kwa mtoto wako."

Baba akachukua kitabu chake cha sala. Nyanya akachukua shuka lake na kibuyu cha maziwa, akaondoka na yule mjomba.

Ijumaa tulijaa kanisani, baba mbele yetu na kitabu mkononi. Tulipofika kituo ambapo Yesu anakutana na mama yake, Nyanya aliingia kwa mlango wa nyuma, miguu imejaa matope, akainama sikioni mwa mama. Mama akajifunika uso kwa leso. Baba aliwaona. Nilimtazama, na najua alielewa. Lakini alisoma mpaka kituo cha mwisho kwa sauti ile ile, hakuruka neno.

Onchari alizikwa kwa wajomba zake. Wewe umezaliwa Gusii, unajua maana ya mtoto wa kiume kuzikwa nje ya boma la babake, kama mtu asiye na baba. Padri aliposikia, alikuja mwenyewe hadi nyumbani. "Nilikuambia umwache mke wa pili," alimwambia. "Nani alikuambia umwache mtoto?" Kazi ya kuongoza sala akapewa mwingine.

Majuto ni mjukuu. Miaka ya sabini ikielekea mwisho, chai imeshamtajirisha na meno yameanza kumtoka, baba aliniomba nimsindikize Nyamache. Kemunto alitupokea vizuri, akatupa viti na uji wa wimbi. Baba akaomba aonyeshwe kaburi. Kemunto akageuka kutazama shamba la chai nyuma ya nyumba. Alisema kaka zake walipanda pote, na siku hizi hata yeye hukisia tu mahali penyewe.

Kisha akasema, polepole, bila hasira, "Nilikusamehe zamani, ili niweze kusali. Lakini msamaha wangu hauwezi kukufanya uwe mtu aliyekuja."

Baba alilia njia nzima. Sikumbembeleza. Nilikuwa nampenda, lakini nilitembea tu kando yake.

Basi sikia, mwanangu. Kufunga ni kuzuri, kupiga magoti ni kuzuri, nami kila mwaka huenda kupakwa majivu kama wengine. Lakini nikitoka pale hujiuliza ni nani ananihitaji ambaye nitaona haya kuonekana naye. Hapo ndipo Mungu anapokungoja. Imani inayotafuta macho ya watu huwa kipofu kwa walio karibu. Ukiitwa na mgonjwa ukiwa katikati ya sala, funga kitabu uende. Mungu atakukuta huko huko.

Mungu akupe moyo mwepesi kuinama, mwanangu, na miguu isiyochelewa. Wanao wazikwe na wajukuu wao, wakiwa wazee, katika udongo wa nyumbani.