Mstari Mmoja wa Jina la Mama

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimekaa sebuleni kwa mama yangu Bi Zuhura, Ilford, huku huku London, barua ya Uswidi mkononi na kichwa kinanizunguka kama tiara lililokatika uzi. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Leo unaniona na mvi zangu hapa Hounslow, watu wananiletea fomu zao niwasaidie kuzijaza, ukadhani nilizaliwa nikijua. Sikuzaliwa nikijua. Hicho kisanduku cha jina la mama kinachokuhangaisha wewe tangu asubuhi, mimi kilinihangaisha zaidi ya mwaka mzima.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati utapotea kama nilivyopotea mimi.

Miaka ya tisini niliondoka Pemba kwa fujo za siasa, nikaangukia Uswidi, mji wa Malmö, nikaomba hifadhi. Baridi yake sikuhadithii. Siku ya mahojiano walinikalisha mbele ya bibi mmoja mpole, mkalimani pembeni. Akaniuliza jina la baba, nikamtajia. Akaniuliza jina la mama, nikajibu bila kupepesa jicho: Zuhura. Akaandika, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nikatoka pale nikiwa na furaha kwamba maswali yalikuwa mepesi.

Uongo sikusema, mwanangu, na ukweli pia sikuusema. Bi Zuhura ndiye aliyenilea. Aliyenizaa ni mdogo wake, Bi Asha. Bi Zuhura Mungu hakumjaalia mtoto, basi siku nilipoachishwa ziwa nikapelekwa kwake. Nyumba zao zilikuwa Wete, zimetazamana, uchochoro tu katikati. Yule aliyenilea nikamwita Mama, na yule aliyenizaa nikamwita Mama Mdogo. Kwetu jambo hilo halifichwi wala halisemwi. Kila mtu analijua na kila mtu analinyamazia, na mtoto hujifunza kulinyamazia kabla hajajua kuhesabu. Wewe uliyezaliwa huku huenda ukaona ajabu. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama kuazimana chumvi.

Ilipotimia miaka ya kuishi waliyoitaka, nikaomba uraia. Wenzangu waliutaka wapate kuhamia London wakafanye kazi, na mimi siwezi kusema London sikuitaka. Lakini nilikuwa na sababu yangu nyingine. Cheti changu cha safari cha mkimbizi kiliniruhusu kwenda nchi zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo niliyokuwa naitaka. Bi Asha macho yalikuwa yanazimika. Kila barua iliyotoka Wete ilimaliza kwa maneno yale yale: mwambieni Khatib nataka kumwona kabla hayajafunga. Bila pasipoti ya Uswidi nisingeweza kwenda. Hilo tu lilitosha kunikosesha usingizi.

Wakataka cheti cha kuzaliwa. Nikaagiza, kikaja, nikakituma bila kukisoma sawasawa. Ujana huo, mwanangu! Haraka haraka haina baraka, nimeimba methali hiyo chuoni, tulikosomea Kurani, kwa sauti kubwa kuliko watoto wote, na haikuniingia. Cheti kilisema mama ni Asha. Faili la mahojiano lilisema mama ni Zuhura. Ikaja barua: maelezo yako yanapingana, tueleze mama yako ni nani, na utuletee ushahidi kabla ya muda fulani. Usipofanya hivyo tutahesabu kwamba hatukujui wewe ni nani, na ombi litakataliwa.

Niliisoma barua ile mara nyingi mpaka ikakunjika pembe zote. Mtu mzima, nina ndevu, naulizwa mama yako nani, na sina jibu! Nikiandika Asha, nimemkana aliyenibeba mgongoni na kunipeleka hospitali usiku wa homa. Nikiandika Zuhura, cheti kinanisuta. Na kwenye fomu iliyokuja na barua palikuwa na mstari mmoja tu wa jina la mama. Nikafunga begi nikaja London kwa mama yangu, kwa sababu mtoto akichanganyikiwa hukimbilia kwa mama, na mimi wa kumkimbilia nilikuwa namjua bila fomu.

Bi Zuhura alikuwa amemfuata mumewe London zamani, na sasa alikuwa mjane, anakaa juu ya duka la vitambaa vya sari. Sikumwambia mara moja kilichonileta. Nilikwenda kwanza msikitini kuuliza wanaume wenzangu, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mmoja alisema nisijibu barua, watasahau. Wa pili alisema niandike kuwa Asha na Zuhura ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Mwengine aliniambia nihamie Denmark nianze upya, kama mtu anayebadili kiti karamuni. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno, na wazee hao hao wakasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Siku ile sikujua niko chini ya methali ipi.

Aliyenishika sawasawa ni Mbarouk, kijana wa Unguja, msema sana, mwenye mkoba wa ngozi na sifa ya kuyajua mambo ya maofisini.

"Skiza Khatib," aliniambia, "hawa hawatafuti ukweli. Wanatafuta karatasi zifanane. Mwambie Bi Zuhura aape kwa solisita, wakili wa hapa, kuwa ndiye aliyekuzaa, na cheti cha Wete useme karani alikosea. Makarani wetu wakosea kila siku, nani atabisha?"

Nikamshukuru. Nakwambia kweli, niliona kama nimefunguliwa dirisha. Tena nikajidanganya vizuri zaidi: nikajiambia kwamba Bi Zuhura atafurahi. Mwanamke aliyekosa kuzaa, leo mbele ya sheria anaandikwa mzazi! Nikamwacha Mbarouk aiandike ile karatasi kwa Kiingereza chake cha tai shingoni, nikaibeba mpaka Ilford kama mtu anayepeleka zawadi.

Basi ndiyo Jumamosi yenyewe hiyo. Bi Zuhura alikuwa amepika mkate wa kumimina, anaukata vipande, chai ya maziwa iko mezani. Nikampa kalamu na karatasi, nikamwonyesha pa kutia sahihi. Akakataa kuishika kalamu.

"Nisomee kwanza kwa Kiswahili," akasema.

Nikasoma: mimi Zuhura natamka ya kwamba nilimzaa Khatib kwa tumbo langu. Sikuweza kuinua uso. Nilisikia kisu kikiwekwa kwenye sahani.

"Nilikuzaa?"

"Ni karatasi tu, Mama."

"Khatib, weye hujui," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Siku ile Asha alikuleta mwenyewe. Kakukalisha kwenye mkeka wangu, karudi kwake, kafunga dirisha la upande wangu. Siku arubaini hakulifungua. Alichelea akikusikia walia atakuja akuchukue. Maziwa yamtoka, nguo zaroa, naye kimya. Siku alipolifungua ukamwita Mama Mdogo, miye ndiye nilokufundisha. Kaitika. Hajanisimbulia, hajanikumbusha fadhila ile, hata siku moja mpaka leo. Na sasa wanijia na kalamu, nimnyang'anye mdogo wangu mara ya pili?"

Mwanangu, nimepigwa fimbo chuoni, nimelala rumande, nimetukanwa kwenye treni. Hakuna kilichonifikia ndani kama maneno yale. Nililia. Sikujua hata namlilia nani kati ya wawili wale.

Nilipopata sauti nikamwambia lililokuwa likinitesa tangu Malmö. "Lakini Mama, nikiandika Asha nitakuwa nimekukana wewe."

Akacheka! Alikuwa na cheko la kukukera, Bi Zuhura, la mtu anayejua uliko kabla hujafika. "Karatasi itanivua umama gani? Nilokulisha nimeshakulisha. Twasema kuzaa si kazi, kazi kulea, na miye nimetamba nayo methali hiyo Wete nzima. Lakini wazee walisema na nyengine: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Zote mbili za kweli. Kaandike zote mbili."

"Mstari ni mmoja tu, Mama."

"Basi mstari mpe Asha. Miye nitie kwenye barua, barua ina nafasi. Kisha kula mkate, chai yapoa."

Nikala. Nilimaliza vipande vitatu, kwani kukataa chakula cha mwanamke aliyekwisha kukasirikia ni kutafuta kesi ya pili.

Jumatatu yake alikwenda mwenyewe kwa solisita, kavaa buibui lake jipya, akaapa kwamba alinilea wala hakunizaa. Bi Asha naye alipelekwa kwa sheha wa mtaa wake Wete, akaweka dole gumba kwenye karatasi inayosema kwamba alinizaa na akanitoa nilelewe. Siku niliyokuwa narudi Malmö Bi Zuhura alinishika mkono mlangoni, akaniambia: "Ukifika kwa Asha, mwite Mama. Mwambie Zuhura kasema."

Hapa sitakudanganya kama wanavyodanganya watu wazima wakitoa nasaha. Ukweli haukunifikisha haraka. Ofisi ilirudisha maswali, tukajibu, ikarudisha mengine. Kwa nini mama akiwa hai na mzima ampe mtu mtoto wake? Mlikosana? Alikuwa mgonjwa? Niliandika kurasa tatu kuwaelezea dada wawili na uchochoro, na nilipozisoma mwenyewe niliona sijaeleza kitu. Mara nyingi nilimkumbuka Mbarouk na karatasi zake za kufanana, nikamwonea wivu. Uraia ukaja mwishowe, zaidi ya mwaka umepita tangu ile barua. Mpaka leo sijui kama karatasi ya Mbarouk ingenifikisha mapema. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na mimi najua wanamaanisha haifiki mbali. Lakini siku zile nilikuwa naitaka hiyo hiyo fupi.

Nilipofika Wete macho ya Bi Asha yalikuwa yameshafunga. Nilichelewa miezi minne tu. Hilo nalibeba, na wala si kosa la ofisi. Kosa ni langu mimi niliyejibu swali kubwa kwa wepesi siku ya kwanza, kisha nikanyamaza miaka.

Alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Akanipapasa uso, ndevu, masikio. Nikamwambia, "Mama, ni mimi Khatib."

Mkono wake ukasimama. Akaelekeza sikio upande wa dirisha la uchochoroni, akaninong'oneza: "Polepole, Zuhura asije akasikia."

Na Zuhura yuko London, mwanangu. Nyumba yake ya Wete ilikuwa na wapangaji miaka mingi.

Nikamwambia, "Zuhura ndiye aliyenituma nikuite hivyo."

Mkono wake ukaanza tena kunipapasa shavu. Kisha akasema, "Basi niite tena."

Nikamwita. Nilimwita mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Sasa rudi kwenye fomu yako. Nasaha yangu ni hii, na uichukue kwa mikono miwili hata kama mwenye kuitoa alichelewa kuijua. Ukiulizwa jina la mtu wako, usijibu kwa haraka wala kwa kujipendekeza. Kamuulize kwanza mwenye jina, angali hai, maana huenda alikuwa akingoja kuulizwa. Usimpe mtu mmoja haki ya mwingine ukaiita zawadi. Wanaokushauri karatasi zifanane wasikilize kwa adabu, kisha nenda nyumbani kwa mama yako ukamsomee kwa sauti ulichokiandika. Ukishindwa kumsomea, kichane. Na kama kweli yako haitoshi kwenye mstari, omba karatasi nyingine uandike barua. Watachoka kusoma, watakuuliza tena, nawe uandike tena. Kuchanganyikiwa si aibu, mwanangu. Mimi bado nachanganyikiwa kila nikiuona mstari ule.

Haya, chukua kalamu. Mungu akufungulie milango ya huko unakokwenda, asikufungie ile uliyotokea. Akujaalie kuwakuta watu wako macho yao yangali wazi, akujaalie mtu wa kumwita Mama, na akupe ruhusa ya kumwita kwa sauti.