Nyigu Aliyepewa Jina la Mama Mkwe

Saa moja asubuhi, na Elphas Wabuge ameacha kupumua.

Ameinama juu ya meza, kibrashi chenye nywele chache mkononi, na kwenye ncha ya kibrashi kuna tone la gundi ambalo wewe na mimi hatuwezi kuliona. Mbele yake amelala nyigu mdogo kuliko punje ya wimbi. Wabuge anamgandisha taratibu kwenye ncha ya kipande cha karatasi, anahesabu kimoyomoyo, kisha anavuta hewa kwa pupa kama mtu aliyeopolewa mtoni.

"Hapa hakuna kuongea kwa nguvu, hakuna kucheka, na kama uko na homa usiingie," anamwambia mwandishi huyu, ambaye tayari alikuwa ameingia na alikuwa na homa. "Kuna mgeni alipiga chafya hapa. Mdudu alienda na mpaka leo hajarudi."

Wabuge, mwenye umri wa miaka 41, ni fundi katika maabara ya wadudu ya chuo kimoja kwenye barabara ya kwenda Kesses, nje ya mji wa Eldoret. Yeye na bosi wake, Dkt. Amondi, wana kazi ambayo majirani zao wengi hawaamini kwamba ni kazi. Wanatafuta nyigu wadogo ambao hakuna aliyewahi kuwaandika, wanawalinganisha na wanaojulikana, wanawachora mshipa kwa mshipa hadi vinyweleo vya miguu, kisha wanawapa majina.

Nyigu hawa hawamuumi mtu. Wanaoteseka ni vidukari, wale wadudu wanaokaa chini ya majani ya sukuma wiki na kuyanyonya. Nyigu humdunga kidukari na kumtagia yai. Kiluwiluwi kinachoanguliwa humla kidukari kutoka ndani, kidukari anavimba na kukauka kama shanga ya kahawia, na siku moja nyigu mpya anatoboa shanga hiyo na kutoka.

"Ndiyo maana tunamwita mlinzi," anasema Wabuge. "Analinda mboga na halipwi. Kama mimi tu."

Shanga zilizomletea Wabuge balaa hakuzikuta msituni Timboroa wala kwenye mashamba ya Sugoi. Alizikuta jikoni kwake. Mkewe, Linah, alikuwa akikata sukuma wiki kutoka kwa shamba dogo la mama yake mtaani Langas, Wabuge akaona jani limejaa shanga za kahawia.

"Alininyang'anya kisu," anasema Linah. "Nikadhani ameingiwa na wazimu. Siku hiyo tulikula ugali na chai."

Katika shanga hizo alitoka nyigu ambaye hakuna aliyekuwa na kumbukumbu yake, mweusi, anayeng'aa kama kiatu cha polisi. Dkt. Amondi alimtazama kwenye hadubini, akatoa miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akasema wampe jina la mwenye shamba.

Mwenye shamba ni Mama Namalwa, mjane mwenye sauti na msimamo, na ni mama mkwe wa Wabuge. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Alivyolelewa Wabuge, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na kumtaja mama mkwe kwa jina ni utovu wa adabu usio na dawa. Dkt. Amondi, ambaye ni mtu wa Kisumu, hakujua.

Kwa nini Wabuge alikubali, basi?

"Kwa miaka yote mama amekuwa akiwaambia watu kwamba binti yake ameolewa na mtu wa kuchunga nzi," anasema, na hapa hacheki. "Iliniuma. Nilitaka siku moja aone nafanya kazi ya maana."

Aliona. Wabuge alimtumia mchoro wa nyigu huyo, na Mama Namalwa akautia kwenye fremu na kuutundika sebuleni kati ya picha ya marehemu mumewe na picha ya Yesu. Soko lote likajua. Akina mama wa chama chake wakaacha kupulizia mboga dawa wasije wakamuua mdudu wa mwenzao, wakashona vitenge vya sare, na mchungaji akaalikwa kwa ibada ya shukrani Jumapili.

Chuoni, Wabuge alitakiwa kumtambulisha mdudu huyo mbele ya walimu. Jina hakuthubutu kulitamka. "Huyu," alisema akionyesha picha kwa kijiti, "ni yule wa... wa upande wa wakwe." Walimu wakaandika hivyo hivyo.

Siku chache kabla ya ibada, aliketi kukagua shanga zilizobaki tupu. Akamwita Dkt. Amondi.

Mlinzi wa kweli, anaeleza, hutoka kwa adabu. Hukata mlango wa duara, safi, na mara nyingine kifuniko hubaki kikining'inia. Shanga za yule mweusi zilikuwa na matundu yaliyochanika, kama mlango uliovunjwa na wezi. Dkt. Amondi akapasua chache. Ndani ya kila moja kulikuwa na mabaki ya kiluwiluwi kingine kilicholiwa.

Nyigu mwenye jina la mama mkwe hakuwa mlinzi hata kidogo. Alikuwa akimla mlinzi.

Kosa lilikuwa la Wabuge, na analikiri bila kuzungusha. Alikuwa ameweka jani zima kwenye chupa moja badala ya kuweka kila shanga kwenye kichupa chake. Wakatoka nyigu wa aina mbili: yule mweusi, na mwingine wa rangi ya udongo, mnyonge, ambaye hakuna aliyemjali kwa sababu alifanana na wanaojulikana. "Nilidhani wote ni wafanyakazi," anasema. "Kumbe mmoja anafanya kazi na mwingine anakula mfanyakazi."

Sasa ilibidi mtu akamwambie Mama Namalwa. Wabuge alimwomba mkewe.

"Nyigu ni wako, mama ni wangu," Linah akamjibu. "Mimi siingii hapo katikati."

Akabaki Safia, mwenye duka lililo jirani na lango la Mama Namalwa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipitisha salamu kati ya wawili hao. Mama Namalwa aliketi ndani, nyuma ya magunia ya mchele. Wabuge alisimama nje kwenye dirisha la kuuzia, akiwa amegeukia barabara. Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana wakikohoa.

"Mwambie mama kuna jambo kidogo kuhusu mdudu," alianza Wabuge.

"Anasema kuna jambo," Safia akasema.

"Mwambie nasikia, mimi si kiziwi. Aseme."

"Anasema wewe sema."

"Mwambie yule mdudu halindi sukuma. Anaingia mahali mlinzi ameshaingia, anamla mlinzi, halafu anatoka anaonekana ni kama yeye ndiye amefanya kazi."

"Walahi hiyo mimi sisemi," alisema Safia. "Hiyo jisemee mwenyewe."

Wabuge anasema jasho lilimtoka, na asubuhi za Eldoret huwa hazitoi mtu jasho.

"Muulize," sauti ikatoka nyuma ya magunia. "Huyo mdudu anaingia kwa nyumba ambayo si yake?"

"Ndiyo," alisema Wabuge kabla Safia hajafungua mdomo.

"Anapata chakula ya wenyewe, anakula yote?"

"Ndiyo."

"Halafu anatoka nje anang'aa, watu wanasema, aki huyu kijana ni mzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo si mama mkwe," alisema Mama Namalwa. "Huyo ni mkwe. Mpatie jina yako."

Safia anasema alicheka mpaka akaketi juu ya kreti ya soda, na mteja aliyekuja kununua maziwa akaenda bila maziwa.

Ibada ilifanyika. Mchungaji alibadilisha somo na kuhubiri juu ya manabii wa uongo, na vitenge vilivaliwa vivyo hivyo. Mchoro haukutupwa. "Nimeupeleka jikoni," Mama Namalwa alimwambia mwandishi huyu akiwa langoni kwake. "Amechora vizuri. Na alikuja kuniambia ukweli. Wengine wangenyamaza niendelee kujisifu na mwizi."

Katika kazi hii, mtu kumpa mdudu jina lake mwenyewe ni aibu. Lakini Dkt. Amondi anasema hakuna mahali palipokatazwa jina hilo kutolewa na mama mkwe, kwa hiyo nyigu mweusi ataingia vitabuni kama *wabugei*.

Matumaini sasa yako kwa yule wa rangi ya udongo. Dkt. Amondi amemtazama upya, na mishipa ya mabawa yake hailingani na ya ndugu zake wanaojulikana. Wanahitaji madume zaidi ili kuwa na hakika. Kila Jumamosi mfuko wa majani hufika kupitia kwa Safia, na kila shanga inalala kwenye kichupa chake. Akiwa mpya kweli, huyo mlinzi ndiye atakayebeba jina la mama.

Na Wabuge ataweza kulitamka mbele ya watu?

Anaweka kibrashi chini. "Nilituma Safia akaniombee ruhusa. Mama akasema nilitaje kwa sauti, nisinong'one kama mwizi."

Anasimama. Anafunga vifungo vya koti lake jeupe, anatazama upande wa Langas, na kulitoa jina kwa kifua chote: "Namalwa!"

Mezani, kwenye ncha ya karatasi, gundi haijakauka. Nyigu hayupo.

Dkt. Amondi anaingia mbio, na sasa sote watatu tuko sakafuni kwa magoti, tukitambaa na tochi za simu. "Elphas," anauliza Dkt. Amondi kutoka chini ya meza, "umepoteza nani? Ni mama?"

"Hapana, daktari," anasema Wabuge. "Ni mimi."