Kipimo Kilichopima Maji ya Mgeni

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na mama huyu ameshainama kisimani. Anachovya kidole kwenye ndoo, anakilamba, anatema.

"Leo yamekolea chumvi," anasema.

Majirani wanamwita Bi Ulimi. "Si kwa umbea," anawahi kujitetea, "ni kwa haya maji."

Kwa miaka kumi na minne ulimi huo umelisha watoto watano. Chumvi ikizidi, anamwagilia shinani tu, jani lisiguswe, tena anamwaga mengi kwa mara moja ili chumvi izame chini ya mizizi. Spinachi yake ilikuwa inagombewa sokoni.

Ilikuwa. Leo matuta yake yote kumi na mawili yana maharage yaliyoungua majani, na udongo umefanya ukoko mweupe. Maharage hayavumilii chumvi, wala hayakuwa wazo lake. Aliyaamuru mtaalamu wa mradi unaogawa mashamba haya.

Bwana huyo alifika saa saba mchana, viatu vinang'aa. Akakaribishwa kivulini, akapewa maji ya kunywa, yale ya kununua kwa dumu.

"Mgeni unampaje maji ya chumvi? Uso ningeuficha wapi?" anauliza Bi Ulimi, sauti ikipanda. "Akanywa nusu, kwenye nusu iliyobaki akatumbukiza kipimo chake cha chumvi. Kisima kiko hatua sitini tu! Nikamwambia, 'Baba, hayo siyo ya kisimani.' Akanijibu, 'Mama, mashine haidanganyi.'"

Kweli haikudanganya. Ilipima maji ya dukani, na mwenye mashine, aliyeogopa jua, akaandika kwamba kisima hakina chumvi: pandeni maharage, mwagilieni kidogo kidogo kila siku. Asiyetaka aachie shamba.

Mwandishi wa makala haya aliyaonja maji ya kisima hicho. Koo lilimkereketa mpaka jioni.

Sasa imekuja barua. Mazao yamekufa kwa uzembe, inasema, na shamba atapewa mwingine. Mumewe, mtu mpole ambaye hata kuku hawafukuzi kwa kelele, ameisoma mara mbili.

"Uzembe!" anafoka. "Mke wangu huyu, anayemwamsha jogoo?"

Alhamisi mtaalamu anarudi kukagua kwa mara ya mwisho. Bi Ulimi ameshaandaa kiti kivulini, na glasi kubwa ameiosha.

"Nitamkaribisha vizuri tu, nimpe maji," anasema. "Ya kisimani. Akiyamaliza, shamba achukue."