Mwethya wa Kubonyeza

Tangu mkewe Kanyiva azikwe, Nthiwa alimsikiliza kila asubuhi. Alichemsha chai, akaketi jikoni kwake Kathonzweni, akafungua simu aliyoachiwa na binti yake Ndinda. Kusoma hakujua. Alijua picha ya sufuria. Ukiigusa, Kanyiva anaanza kuongea: namna ya kutwanga mahindi yatoke maganda, ya kupikia muthokoi, namna ya kuweka kunde na majivu zisiliwe na wadudu. Katikati anakohoa kidogo, halafu anasema, "Usifunue sufuria kila saa. Acha iive."

Hilo alikuwa akiambiwa Nthiwa. Alikuwa mtu wa kufunua.

Tovuti yenyewe waliiita Jiko la Mwaitu, yaani jiko la mama. Ndinda ndiye aliyerekodi, na Mulinge, mwenye saiba, duka la intaneti, mjini Wote, ndiye aliyeitengeneza. Wakamba walio mbali waliingia humo kutafuta chakula cha kwao. Kando ya sauti kulikuwa na matangazo ya sabuni na ya mbegu, na hayo matangazo ndiyo yaliyolipia tovuti isizimwe. Hata Kanyiva alipolala kitandani hawezi kuinuka, alikuwa akiuliza, "Leo wamekuja watu jikoni?" Nthiwa anamjibu wamekuja. Anatulia.

Sasa Ndinda akapiga simu kutoka Mombasa.

"Baba, akaunti ya matangazo imefungwa. Kampuni inasema kuna udanganyifu."

"Nani amedanganya?"

"Hawataji mtu. Na tusipolipa, mwezi ukiisha tovuti inazimwa."

Nthiwa akahamishia simu sikio la pili.

"Mulinge amesema nini?"

"Anasema hajui."

"Aa," akasema Nthiwa, akakata.

Kesho yake alikuwa Wote mapema. Nje ya saiba aliona pikipiki mpya, bado ina nailoni kwenye kiti. Aliizunguka. Akaingia. Mulinge alisimama haraka, akamletea soda hata kabla mzee hajaketi, na Nthiwa akaiweka chini bila kuifungua. Mtu asiye na neno moyoni ana haraka gani ya kukupa soda?

"Pole na safari, mzee."

"Pikipiki ni ya nani?"

"Ya shemeji yangu."

"Shemeji ana bahati."

Mulinge akacheka, kisha akaona mzee hacheki. "Mzee, kama umekuja na kitu, kitoe tu."

"Geuza hiyo kompyuta niione."

"Na utasoma?"

"Geuza tu."

Mulinge akageuza. Akamsomea pole pole. Kampuni ilikuwa imeona matangazo yakibonyezwa sana na watu walewale, wasiotaka kununua kitu. Mwenye tovuti haruhusiwi kubonyeza matangazo yake mwenyewe, wala kuomba marafiki wabonyeze. Wenye sabuni wanalipa kwa kila anayebonyeza, kwa hiyo huo unahesabiwa wizi.

"Wanabonyeza kutoka wapi?"

"Hapa inaonyesha Wote."

"Wote ni wewe."

"Mzee, mtandao wa huku kote unaandikwa Wote. Kathonzweni, Kalamba, kote huko." Mulinge alikuwa ameanza kukasirika. "Na hebu angalia siku. Ni Alhamisi, saa za mchana. Alhamisi mchana mimi nimejaa watu hapa, napumua kwa shida. Wewe uliza huko kwenu Alhamisi kuna nini."

Nthiwa aliokota fimbo yake. Alijua Alhamisi kuna nini. Akina mama wa kanisa hukutana.

Njia nzima ya kurudi aliwapitisha mmoja mmoja kichwani. Nani alimwonea Kanyiva wivu? Nani alikula muthokoi wake akasema umezidi chumvi? Alipofika kwa Syokau, mwenyekiti wao, alikuwa ameshamhukumu. Syokau alikuwa uani, anapepeta ndengu.

"Karibu, Baba Ndinda. Mbona umeshika fimbo kama unafuata nyoka?"

"Alhamisi mnafanya nini na simu zenu?"

Syokau aliweka ungo chini. Uso wake ulifurahi, na hilo ndilo lililomchanganya Nthiwa.

"Nani amekuambia? Tulitaka ujue mwenyewe. Tumekufanyia mwethya."

"Mwethya gani? Shamba langu halijaguswa."

"Si ulitukataza shamba? Tulikuja na majembe ukatufukuza, ukasema utalima mwenyewe. Sasa mwethya haukatazwi hivyo. Huyu akifiwa, tunamlimia. Huyu nyumba ikianguka, tunamjengea. Wewe ungebaki hivyohivyo? Kila Alhamisi tukimaliza maombi tunafungua Jiko la Mwaitu, kila mmoja na simu yake, tunabonyeza matangazo. Asiye na simu anabonyeza ya jirani. Tunaimba hata."

Nthiwa aliketi juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Nani aliwaambia kubonyeza kunasaidia?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Siku ya maombi baada ya mazishi. Tulikuuliza tukusaidie vipi, ukasema huna shida, matangazo ya Kanyiva yanatosha, ndiyo yanalisha jiko. Ukatuonyesha. Ukabonyeza tukiona."

Ilikuwa kweli. Na hakubonyeza siku hiyo tu. Kila asubuhi, sauti ikiisha, alibonyeza lile la sabuni, kama mtu anayetia kuni kabla ya kuondoka motoni.

Akamweleza yaliyotokea. Syokau alishika mdomo, akarudia ungo wake, akapepeta hata palipokuwa safi.

Kampuni iliruhusu barua moja tu ya kuomba akaunti ifunguliwe. Mulinge alisema ni afadhali waandike kwamba waliobonyeza ni maadui, watu wabaya wasiojulikana. Ndinda, kwenye simu, alisema labda ni hivyo.

Nthiwa alifikiri. Tangu Ndinda apige simu alikuwa akitafuta mwongo kila uani. Sasa aambiwe awe yeye, tena kwa jina la Kanyiva.

"Andika," akamwambia Mulinge. "Tulibonyeza. Mimi wa kwanza. Tulidhani ni kusaidia. Hatutabonyeza tena."

"Hiyo tu?"

"Ongeza nini?"

Jibu lilirudi fupi kuliko barua. Akaunti haitafunguliwa.

Alhamisi iliyofuata Syokau alikuja kwake na wenzake. Safari hii hawakuuliza. Walisema watalea jiko kama shamba la mwethya, kila mwezi mmoja wao anatoa kuku, anauzwa sokoni, tovuti inalipiwa. Nthiwa aliwatazama mikono, mmoja mmoja.

"Na simu?"

"Tutasikiliza tu, Baba Ndinda. Utatufunga kamba?"

Hakucheka, lakini alisogea mlangoni wapite.

Mwezi ulipoisha, aliamka, akafungua simu kabla ya chai, kwa wasiwasi. Sufuria ilikuwepo. Pale pa matangazo palikuwa peupe. Akaigusa picha, akaiweka simu mezani, kisha akaingiza mikono yote miwili mifukoni mwa koti, akaiacha humo, Kanyiva akiongea mpaka mwisho.