Nyayo za Ukoo

Nilizaliwa na nyayo bapa kama mwiko wa kusongea ugali, na nilipofika darasa la pili zikaanza kuuma. Nikitoka shule nilikaa uani nikilia, mama akinikanda kwa maji ya moto.

Bibi, mama yake baba, alishajua chanzo. "Sisi watu wa mji hatuna miguu ya bata," alisema. "Hiyo imetoka Lugoba."

Lugoba ni kwao mama. Mama aliendelea kukanda.

Maumivu yalipozidi, wazazi wakanipeleka hospitali. Daktari alimwaga maji sakafuni, akaniambia nikanyage, kisha nipite pakavu. Akawataka na wao wavue viatu wafanye vivyo hivyo. Alama ya mama ilikonda vizuri katikati. Ya baba ilikuwa pana mwanzo mwisho, kama chapati iliyomshinda mpishi.

"Mimi siumwi," baba akasema.

"Basi sina shida na wewe," daktari akamjibu. "Tunamtibu anayeumwa."

Dawa yenyewe ilikuwa makubazi yenye kinundu cha ngozi cha kuinua unyayo, pamoja na mazoezi: kusimama kwa ncha za vidole, na kuokota kokoto kwa miguu.

Siku hiyo mama alirudi nyumbani akitembea mbele ya baba, jambo nisilowahi kuliona. Akampa bibi habari kwa adabu zote, amepiga goti. Bibi akasema mwanawe alizaliwa na mguu mzuri, akauharibu kwa mpira.

Kila asubuhi bibi alinitazama nikiokota kokoto. "Haya, donoa," aliniambia. "Labda utataga."

Ijumaa moja makubazi yangu yakapotea. Nikamkuta bibi ameyavaa, visigino vinaning'inia nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nayajaribu tu, isije ikawa fundi kakupunja."

Akayajaribu mpaka kwenye maulidi mtaa wa pili. Akasimama kaswida zote, yeye ambaye miaka nenda rudi alikuwa akikaa mkekani, akijisugua miguu na kusingizia baridi. Aliporudi, baba alitaka kucheka, mama akamfinya. Kesho yake fundi viatu aliitwa kumpima bibi. Bibi akamwonya asiweke kinundu kikubwa kama cha mtoto, maana mguu wake yeye hauna kasoro.

Kufikia darasa la nne nilikuwa nakwenda hadi magofu ya Kaole na wenzangu kwa miguu na kurudi bila kulia. Nyayo ni bapa mpaka leo. Haziumi, basi.