Kitu Kinachorithiwa

Mama mkwe wangu alikuwa akiiandalia njaa kama wenzake wanavyoandaa harusi. Mwezi wa sita, mahindi hata hayajapukuchuliwa, alikuwa ameshaanika majani ya maboga na ya kunde juu ya paa la banda, maharage ameshayachanganya na majivu yasibunguliwe, na dagaa wa ziwani kutoka Kabwe wananing'inia jikoni ndani ya mfuko, wakila moshi. Ulezi aliuweka chumbani kwake. Alisema hiyo ndiyo nafaka pekee isiyomsaliti mtu, kwa sababu wadudu hawaiwezi. Mimi nilikuwa nimeolewa pale nikitokea mjini Sumbawanga, nikiwa na kidato cha pili kichwani na mimba tumboni, na nilidhani ni uchoyo tu. Ulikuwa uchoyo pia, nisimsafishe.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimebaki jengo na kufuli. Wafanyabiashara walituletea malori hadi shambani, wakanunua mahindi yangali mabichi kidogo, na baba mkwe akauza kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna kula. Mbolea ya ruzuku ilikuwa imekwisha kuwa hadithi. Mbegu za dukani, zile zilizopakwa dawa nyekundu, bila mbolea hazina adabu, zinakupa magunzi. Mkoa wetu unasifiwa kwa kulisha nchi nzima, na sisi mwaka ule tulibaki na kihenge kimoja, nacho hakikujaa. Mama mkwe alikizunguka, akakigonga kwa kiganja, akasikiliza, kisha akasema kitatufikisha Krismasi, kikijitahidi sana Januari. Tulikuwa watu wazima wanne, yeye na mumewe, mimi na mume wangu, pamoja na mwanangu niliyekuwa nimetoka kumwachisha ziwa.

Mwezi wa kumi na moja akaja mjane.

Alikuwa mke wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyevuka mpaka zamani kutafuta kazi Zambia, akaoa huko na kufia huko. Tulikuwa tumemlilia bila maiti. Mjane alipita mpakani Kasesya juu ya lori la mizigo, na kutoka barabarani akaletwa na mkokoteni wa ng'ombe wa Wasukuma waliohamia pembeni mwa kijiji. Alikuwa na watoto wawili, wa kiume wa miaka sita hivi na wa kike aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, na magunia matatu ya mahindi ya msaada aliyoyapata kule kwao. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo mama," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Nimeleta watoto ya mtoto wako. Na chakula nimeleta, sijakuja mikono mitupu."

Mama mkwe alilia. Akawashika watoto nyuso zao mmoja mmoja, akimtafuta mwanawe, akampata kwenye masikio ya yule wa kiume. Wiki ile tulikula. Mahindi yenyewe yalikuwa na punje pana, bapa, zenye rangi ya siagi upande mmoja, si kama yetu. Ugali wake ulikuwa mtamu, nami nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakusubiri siku ya tatu, alilishika mwenyewe, na alilima kuliko mimi. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Ndugu zake baba mkwe walianza kuja jioni kunywa pombe ya ulezi, na katikati ya pombe likatoka neno kurithi. Mjane arithiwe na mume wangu, ili watoto wa marehemu wasipotee nje. Padri asingekubali, lakini padri anaishi parokiani na kwetu anafika mara moja kwa mwezi. Mume wangu alikaa kimya, na kimya cha mwanamume kwenye jambo kama lile si kukataa. Jumanne moja nikamkuta ananyoa ndevu. Tangu anioe alikuwa ananyoa Jumapili tu.

Nilimchukia yule mwanamke. Nasema hivyo ili msomaji asije akanitafutia sababu nyingine.

Redio ndiyo iliyonisaidia. Ilitangaza kwamba serikali ya ng'ambo ya mpaka, Zambia, imeyakataa mahindi ya msaada kwa kuwa yamebadilishwa jeni. Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi. Mjane alikuwa nyuma ya banda anachanja kuni.

"Hiyo jini waliyotia kwenye mahindi ni jini gani?" aliniuliza. "Majini si mambo ya watu wa pwani? Huku yamefikaje?"

"Si jini, mama. Ni jeni."

"Jeni ndiyo nini? Wewe si umesoma?"

Nilikuwa nimesoma. Nikamweleza kama mwalimu alivyotueleza darasani, polepole, nikijisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile.

"Ni kitu kidogo sana, mama, hakionekani kwa macho. Kimo ndani ya mwili. Mzazi anakuwa nacho, anampa mtoto bila hata kujua. Kinarithiwa."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mtu anacho, hakionekani, na anampa mwanawe."

"Ndiyo, mama."

"Na wazungu wamekitia kwenye mahindi."

"Ndivyo redio inavyosema."

Kwetu Ufipa, kitu kilichomo mwilini, kisichoonekana, ambacho mama anampa mtoto wake, kina jina moja tu. Jina hilo limo hata ndani ya jina la mji wetu: sumba wanga, tupa uchawi. Nilizaliwa pale, hakuna wa kunifundisha. Niliona kabisa neno langu lilivyoingia sikioni mwake na lilikoelekea. Sentensi mbili zingetosha kulirudisha. Hata wewe unacho, mama, hata kuku anacho. Ndicho kilichompa mjukuu wako masikio ya baba yake. Nilikuwa nazo ulimini. Nikasikia shoka la mjane nyuma ya banda, nikazimeza. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mbaya kama ule.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufikia Jumapili neno lilikuwa kisimani. Wakasema ndicho kilichomuua shemeji yangu kule ng'ambo, na sasa kimeletwa kwa magunia kuja kumalizia ukoo. Wanawake walimpisha mjane kwenye foleni ya maji, si kwa heshima. Habari ya kurithi haikutajwa tena, na ndevu za mume wangu zikarudi kusubiri Jumapili.

Mahindi yakahukumiwa kutupwa. Wakwe zangu waliyapakia alfajiri kwenye mkokoteni wa kuazima, wawili tu, wakakataa kusaidiwa. Mjane aling'ang'ania ubao wa nyuma, akaburutwa hatua kadhaa hadi baba mkwe alipomwachanisha vidole. Walirudi jua limepanda, mkokoteni mtupu, wakasema wameyamwaga korongoni. Magunia yenyewe mama mkwe aliyachoma uani, majirani wakitazama. Moshi wake ulikuwa mweusi, na watu wakaona ni ushahidi.

Kuanzia siku ile mjane na wanawe walilala bandani na kula peke yao, kwenye bakuli la plastiki lililopasuka ukingo. Chakula chao kilikuwa pumba. Mama mkwe alikuwa ametangaza kwamba mwaka ule hatupeleki nafaka mashineni, tubane matumizi, na atatwanga mwenyewe jikoni, mlango umefungwa. Mimi alinipa unga tu, na pumba akazipeleka bandani. Nilifurahi kupumzishwa kinu. Mjane alipalilia mashamba ya Wasukuma, nao wakampa maziwa siku ambazo ng'ombe walikuwa nayo. Januari nywele za yule wa kike zikawa nyekundu, nyepesi, na miguu ikavimba. Nilijua ni nini, kwani picha yake ilikuwa kwenye kitabu cha darasa la sita. Watu wakasema ni ile jeni inatoka nje. Nikanyamaza mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa rahisi.

Krismasi ilipita tukila. Januari ikapita, kihenge kikaendelea kutoa. Nikaanza kumheshimu mama mkwe. Nikasema kumbe uzee ni dawa, huyu mama anajua kupima.

Februari malaria ikamlaza. Siku ya pili alishindwa kuinuka, akanituma kwa mara ya kwanza nikatoe mahindi mwenyewe. Nikafungua kidirisha cha kihenge, nikaingiza mkono hadi begani, nikatoa debe la punje pana, bapa, zenye rangi ya siagi upande mmoja.

Nikalibeba debe hilohilo. Halafu nikaingia chumbani kwake.

"Mama, haya mahindi."

"Yana nini?"

"Si mlisema mmeyamwaga?"

Alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili, lakini macho yalikuwa makavu.

"Mwanao anayala tangu Krismasi," alisema. "Ameota mkia?"

Nikaliweka debe sakafuni.

"Kihenge kilikuwa cha midomo mitano, ikaja mingine mitatu. Mimi ningemfukuzaje mke wa mwanangu na chakula chake? Watu wangeninyooshea kidole hadi kaburini. Nilikuwa nimekosa neno, nawe ukanipa. Korongoni tulimwaga magunzi, mahindi tulishayatia kihengeni usiku, juu ya yetu." Akavuta blanketi. "Nenda katwange. Baba yako atarudi na njaa."

Nimewahi kumsimulia mtu habari hii, akasema mama mkwe alikuwa shetani. Nikamwacha aseme. Nilipotoka chumbani mle nilikuwa na debe zima mkononi, na banda lilikuwa hatua ishirini mbele yangu. Baba mkwe na mume wangu walikuwa shambani. Ningeweza kulifikisha. Lakini kulifikisha ilikuwa ni kukiri kwamba jeni si uchawi, na mjane asiyekuwa mchawi ni mjane wa kurithiwa. Adui yako mwombee njaa, wanasema. Mimi sikuhitaji kuomba.

Nikaketi uani kwenye mkeka, nikamimina mahindi kwenye ungo, nikaanza kuchambua. Mjane akatoka bandani wakati huohuo. Alikuwa amefunga mzigo. Wa kike alikuwa mgongoni, amelaza kichwa, na wa kiume ameshika upindo wa kitenge cha mama yake. Kulikuwa na lori la kurudi Kasesya siku ile, na alikuwa amekuja kuaga kwa sababu hata kwao mtu haondoki bila kuaga. Njiani alikuwa anapita jirani yetu na ndoo kichwani, naye akasimama kutazama.

"Mdogo wangu," mjane alianza. Hakumaliza. Alikuwa ameona ungo.

Akachuchumaa. Akaokota punje moja, akaigeuza.

"Hii ni mahindi ya mimi."

Jirani akasogea. Kama angejua kwamba mahindi yale ndiyo yale, wachawi tungekuwa sisi, na nyumba ingechomwa tukiwa ndani.

"Mahindi yote yanafanana, dada," nilisema kwa sauti ya kufika njiani. "Nenda salama, usituachie maneno."

Mwanawe hakuwa na haja na maneno yetu. Alikuwa amepiga magoti kando ya ungo, akachota punje, akajaza mdomo. Alianza kuzitafuna mbichi, nikasikia zinavyopasuka. Jirani alikuwa ananitazama mimi. Nikamshika mtoto taya kwa mkono wa kushoto, nikambana hadi akafungua, nikaingiza kidole, nikamkombea shavu moja, kisha la pili. Hakulia. Alinitazama tu, na masikio yake yale. Punje ambazo hakuwahi kuzitafuna zilikuwa nne.

Mama yake alimwinua kwa mkono, wakaondoka. Jirani naye akashika njia yake.

Nikazipangusa mate kwa kanga, zote nne, nikazirudisha kwenye ungo. Jioni tulikula ugali kwa dagaa, na mwanangu akaomba aongezwe.